Nyimbo Ulizoimba Edani

Mama wa mwanangu,

Jina lako sitaliandika. Kwetu jina la mwanamke haliitwi njiani, sembuse kuchapwa gazetini, na kazi hii nimeifanya muda wa kutosha kujua kwamba jina likishachapwa halirudi. Wanaokujua watakujua. Wasiokujua watasoma habari za mwanamke mmoja wa Amu, wanayoiita Lamu, aliyeimba, na hilo litawatosha.

Utauliza kwa nini nakuandikia hapa, mbele za watu. Nilianza kwa barua ya kawaida. Niliiandika, nikaifunga, kisha nikakumbuka njia itakayopita. Kutoka Amu hadi huko Pate uliko sasa ingekuwa mkononi mwa nahodha, na nahodha tunamjua. Barua ya mtu kwa mtalaka wake angeisoma nahodha, akaisoma abiria aliyeketi karibu na nahodha, akaisoma kaka yako, ndipo ikufikie wewe, imelowa mafuta ya papa. Nikaona afadhali isomwe na kila mtu kuliko kusomwa na nahodha peke yake. Gazeti litafika Pate kwa wakati wake, pengine likiwa limefungiwa sukari. Ukilikunjua, usilitupe upesi.

Nina neno moja la kukwambia na ombi moja. Neno lenyewe ni kwamba nina wivu. Nimeandika habari za mafuriko, za uchaguzi na za vyombo vilivyozama, na wenzangu husema mkono wangu hautetemeki. Hautetemeki hata sasa. Nina wivu na marehemu mumeo, na nauandika hivyo hivyo kama ninavyoandika kwamba mvua imenyesha Witu. Yeye naye sitamtaja jina. Nitamwita Mwenye Duka, na sitasema kwamba namficha kwa ajili ya heshima tu.

Nianze tulipokuwa sisi wawili.

Ulikuwa mke wangu na nilikuwa sijapata kuisikia sauti yako ikimaliza wimbo. Sikulielewa jambo hilo wakati ule. Mimi nilikuwa natoka asubuhi na kalamu yangu, naenda bandarini, naenda kwa mudiri wa serikali, naenda Matondoni kuuliza habari za chombo kipya, narudi alasiri. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiongoza wanawake wa mtaa kwenye harusi. Pembe za vugo, zile za kugonga kwa vijiti mkiimba, zilikuwa zikihifadhiwa kwetu, chini ya kitanda cha ukumbini, na kila harusi ilipokaribia wenzako walikuja nyumbani kufanya mazoezi. Nilipokuwa nakata kona ya msikiti nilikuwa nakusikia. Sauti yako haikuwa nyembamba kama za wenzako. Ilikuwa pana, ina mkwaruzo kidogo upande wa chini, kama kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa. Nilikuwa napunguza mwendo. Lakini mtu hasimami kwenye kichochoro akisikiliza wanawake, watu wangesema nini? Kwa hiyo nilikuwa naendelea mpaka mlangoni, na nikifika mlangoni nafanya kama nilivyofunzwa na baba yangu. Nilikuwa napiga hodi.

Ndani kuna wake za watu wamevua mabuibui, na mwenye nyumba hana budi kuwajulisha kwamba amefika. Nilipiga hodi kubwa, ya wazi, mara tatu, ili asiwepo wa kusema nilimkuta bila stara. Na kila nilipopiga hodi wimbo ulikatika. Palikuwa na mchakacho wa mabuibui, vicheko, miguu ikikimbilia chumba cha ndani. Kisha wewe ukaja kunifungulia huku ukihema.

"Punguza hodi, Bwana," uliniambia siku moja, nawe umeshikilia upande wa mlango. "Huko Ras Kitau, ng'ambo ya maji, washaitika karibu."

Nilicheka. Nilikwambia kuwa afadhali Ras Kitau waitike kuliko mke wa kadhi nimkute kichwa wazi.

"Na wimbo je?"

"Wimbo utaendelea nikitoka."

Uliniwekea chai na mkate wa sinia, na wenzako waliondoka mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Wimbo haukuendelea. Sikumbuki kama niliona kuna kitu kilichopotea. Chai ilikuwa nzuri.

Nakumbuka pia ule mwaka niliokuletea redio kutoka Mombasa, ya kwanza mtaani kwetu. Majirani walijaa ukumbini. Aliimba mwanamke mmoja, sijui wa wapi, na watu wote walinyamaza. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya pazia, mkono kiunoni. Wimbo ulipokwisha ulisema kwa sauti ndogo, "Huyu amepata bahati. Hapana atakayemgongea mlango." Wanawake waliangua kicheko. Mimi nilikuwa nashughulika na waya.

Tuliachana bila kelele, na watu wa mtaa walivunjika moyo maana walikuwa wamejiandaa kwa kelele. Nilipata kazi redioni Mombasa, gazeti nikaendelea kuliandikia, na wewe ulikataa kuhama. Ulisema Mombasa hakuna mtu anayekujua wewe ni nani ukiwa gizani, yaani ukiimba tu bila kuonekana. Nilikupa talaka moja, kwa adabu, na mtoto akabaki kwako mpaka alipoolewa, naye akaja kuolewa huku huku Mombasa nilikokuwa mimi. Baada ya muda nikasikia umeolewa na Mwenye Duka.

Sasa niseme ukweli kuhusu Mwenye Duka kama alivyojulikana na kila mtu. Alikuwa mvivu. Duka lake lilifunguliwa jua likishakuwa kali na kufungwa kabla ya alasiri. Alikuwa na tumbo, kofia zilizodariziwa vizuri mno, na kicheko kilichotangulia mzaha wake mwenyewe. Ukimwomba nazi mbili atakupa tatu kwa kuwa hakutaka kuhesabu. Nilipopata habari ya ndoa yenu nilimwambia binti yetu, "Mama yako amepata mto wa kuegemea." Nilijiona nimesema neno kubwa. Binti yetu akaniuliza kama nataka wali zaidi.

Nilipokuwa nakuja Amu kikazi nilimwona mara kadhaa, ameketi dakani kwenu, kwenye baraza ya mlangoni, mlango umefungwa nyuma yake, miguu ameinyoosha, mitawanda, viatu vyake vya mbao, ameivua na kuipanga kando. Mchana mweupe, mwanamume mzima, ameketi nje ya mlango wake kama mgeni. Watu walimtania. Nilikuwepo siku ambayo jirani yake mmoja, mzee mwenye punda, alisimama mbele yake akauliza:

"Hee! Umefukuzwa yeo?"

"Sikufukuzwa," akajibu Mwenye Duka. "Nangoja."

"Wangoja nini?"

"Haujesha." Haujaisha nini, hakusema.

Mzee aliondoka akitikisa kichwa, punda wake mbele. Mimi nilipita na kusalimia. Sikusikia wimbo wowote, maana sikutega sikio na nilikuwa na haraka, na niliandika moyoni mwangu kwamba mtu huyu ni mvivu hata wa kupiga hodi.

Kisha akafa. Homa ilimchukua katikati ya wiki, na Ijumaa akazikwa. Nilituma rambirambi kwa adabu ile ile. Ukaingia eda.

Hapa ndipo mashine yangu inapoingia. Ni ile tepu rekoda ninayotembea nayo kazini, kubwa kama sanduku la bibi harusi, niliyoinunua kwa Mzungu aliyekuwa anafunga virago baada ya Uhuru. Binti yetu alikuwa amekwenda kukaa nawe mwanzo wa eda. Aliporudi Mombasa alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, hata mizigo hajaweka.

"Baba, mama ataka mashine yako."

"Ya nini?"

"Ya kunasia sauti."

"Najua kazi ya mashine. Nauliza yeye ya nini? Yuko edani."

"Ndio maana. Hatoki, hapambwi, haendi harusini. Nyimbo zamjaa. Asema zitamharibikia."

"Kuimba edani? Watu watasema nini?"

"Ataimba polepole, chumba cha ndani, peke yake. Hajakatazwa kusema, Baba. Amekatazwa kutoka." Akaketi juu ya meza yangu, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. "Utampa au nikaazime kwengine?"

Kwengine hakukuwa na mashine. Alijua, nami nilijua. Nilimfundisha namna ya kuiwasha, namna ya kupitisha tepu, na namna ya kuokoa betri. Tepu niliitoa kabatini ofisini. Binti yetu alirudi Amu nayo mapajani safari nzima kama mtoto mchanga.

Nikubali kwamba kwa muda wote ule nilikuwa na furaha ya siri. Nilidhani, na sioni kwa nini mtu yeyote mwenye akili asingedhani, kwamba mwanamke akiomba mashine ya mtalaka wake ana neno na mtalaka wake.

Eda yako ilipokwisha nilikuwa na kazi ya kuandika Shela na Amu, na nilihitaji mashine yangu. Nilikuja mwenyewe. Kichochoro kilikuwa kimya, jua la asubuhi limefika nusu ya ukuta. Nilisimama kwenye daka lile lile na nikafanya nilivyofunzwa. Mara tatu.

Ulichelewa kuitika. Kisha sauti yako ikaja nyuma ya mlango, karibu sana, na hukufungua.

"Ni weye," ulisema. Hukuuliza.

"Ni mimi. Habari ya nyumbani? Poleni tena na msiba."

"Tumeshapoa. Mashine nitakutolea. Ngoja nivae."

Nilingoja. Ulifungua mlango kiasi cha mkono, ukaisukuma mashine nje juu ya kizingiti, tepu ikiwa bado imo. Niliona vidole vyako. Havikuwa na hina.

"Tepu nikutolee nikuachie?" niliuliza.

"La. Nenda nayo. Sikiza."

"Kisha?"

"Kisha weye ndiwe mwandishi. Wajua kipi cha watu na kipi cha nyumbani." Ukafunga mlango, kisha ukasema kutoka ndani, "Betri nimezimaliza. Samahani."

Baada ya siku chache ukahamia Pate kwa kaka yako, na hatujaonana tena.

Nilisikiliza Mombasa, chumba changu, madirisha yamefungwa, nikiwa na chai. Mama wa mwanangu, nimesikiliza watu wengi kwa mashine ile. Nimesikiliza wajane, wafungwa, na mawaziri, na mawaziri ndio wagumu zaidi kuwasikiliza. Najua mtu anavyosikika anapojua kwamba kuna anayemsikiliza. Wewe hukusikika hivyo. Ulisikika kama mtu anayefua nguo zake mwenyewe. Kuna mahali unakohoa na kuendelea. Kuna mahali unakosea mstari na kusema "siyo hivyo," ukaanza tena. Hakuna tarumbeta, hakuna udi, hakuna mwenzako wa kuitikia. Sauti yako imeshuka tangu nilipokujua, na ule mkwaruzo wa chini umepanda mpaka juu. Na chini ya kila wimbo kuna kitu kinagonga, ko, ko, mlio mmoja mnene na mmoja mkavu, kama mtu anayetembea polepole kutoka chumba kimoja hadi kingine na hafiki.

Nilitafuta jina langu. Silisemi hilo kwa aibu, ndivyo anavyosikiliza kila mtu. Katika wimbo wa kwanza kuna mtu aliyeondoka, na niliketi vizuri. Katika wa pili mtu huyo anapenda nazi zilizokolea na hajui kuhesabu. Niliweka kikombe chini. Wa tatu ulikuwa juu ya kofia iliyobaki kwenye msumari. Wa nne sikuumaliza siku ile, kwa sababu una kicheko ndani yake, umekiiga kicheko chake, kile kilichokuwa kikitangulia mzaha, na ulikiiga sawasawa hata nikageuka kutazama mlango.

Wa tano ndio ulionipiga. Naiandika mistari yake miwili hapa, na ukiona nimekosa adabu utanisamehe au hutanisamehe:

*Kaketi nde dakani, wimbo ukenda tamati,*
*hakuuvunda ndiani, kwa hodi so ya wakati.*

Yaani aliketi nje barazani mpaka wimbo ukaisha, hakuukatiza njiani kwa hodi isiyo ya wakati wake. Nilimwita binti yetu. Alikuja na mtoto wake mgongoni, akasikiliza akiwa amesimama, akitabasamu kama mtu anayesikia habari anazozijua.

"Hiyo inayogonga ni nini?" nilimuuliza kwanza, kwa sababu swali lile lingine sikulitaka.

"Mitawanda ya baba mdogo," alisema, na ndivyo amwitavyo Mwenye Duka. "Mama aishika mikononi, akipiga sakafu. Wa kushoto una ufa, ndiyo maana walia hivyo."

"Na mitawanda yangu iliishia wapi?"

"Yako?" Alifikiri kwa dhati. "Nadhani ilipewa yule fundi wa mfereji."

Nikauliza swali lile lingine, la huyo aliyeketi dakani. Alimteremsha mtoto mgongoni, akaketi.

"Hukujua, Baba? Mtaa mzima wajua. Wanawake wakiwa ndani wanaimba, baba mdogo hakuwa akibisha. Alikuwa akija, akisikia mama aimba, aketi dakani. Jua kali au mvua, aketi. Mpaka mama amalize. Kisha akikohoa. Mama mwenyewe alikaa mwaka mzima hajui. Alidhani dukani ndiko anakochelewa. Siku moja jirani akamwambia, 'Mumeo nde, mvua yamnyea, na weye waimba!'" Alicheka mpaka mtoto akaamka. "Mama alisema tangu siku hiyo akawa arefusha nyimbo kusudi, apate kujua atangoja mpaka lini."

"Na alingoja?"

"Alingoja."

"Mimi nilipiga hodi kwa sababu ndani kuna wake za watu."

"Najua, Baba."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Ndivyo, Baba. Hapana aliyekulaumu."

Hilo ndilo lililonikaa kooni, na limekaa mpaka leo: kwamba hakuna aliyenilaumu. Nimeipindua habari hii kila upande kama ninavyopindua habari yoyote, na sioni kosa langu. Nilifanya ipasavyo. Ningerudi nyuma ningefanya vile vile, maana mke wa kadhi angekuwa ndani vile vile. Lakini mtu mmoja alifanya ipasavyo akapata mwanamke mwenye kuhema mlangoni. Mwingine alikaa tu, akapata nyimbo. Yeye ameisikia miisho yote. Mimi nilikuwa mume wako miaka yote ile na nimeisikia kwa mara ya kwanza kwenye tepu ya ofisi, naye amekwisha kufa, na miisho yenyewe ni yake.

Namwonea wivu kwa daka. Namwonea wivu kwa mvua iliyomnyea. Nisingeweza kusema hivi ofisini.

Na ofisini ndiko mambo yalikoharibikia. Nilikuwa nasikiliza tena pale kwenye chumba cha kukatia tepu, nikidhani watu wameenda kula, akaingia Bwana Karanja, mkuu wetu wa nyimbo. Ni mtu wa bara, mwenye masikio makubwa na moyo mzuri, na Kiswahili chake hakizunguki. Alisimama mlangoni na sahani ya maharagwe mkononi, akasikiliza wimbo wa pili wote bila kula.

"Nani huyu?"

"Mwanamke wa Lamu."

"Ana bendi?"

"Ana viatu vya mbao."

"Viatu?"

"Vya mumewe. Amefariki."

Akaweka sahani juu ya mashine. "Bwana, hii itarushwa hewani. Hii italiza pwani yote, na bara yote, hata wasioelewa neno. Kwa nini umekaa nayo kama unataga?"

"Haikuimbwa kwa ajili ya redio."

"Ilinaswa kwa tepu ya redio," alisema, na hapo alikuwa na haki. "Tepu ni chache, unajua. Isiporushwa inafutwa. Jumatatu nina watu wanaokwenda kunasa kwaya. Wewe amua, lakini uamue." Akaendelea kusikiliza mpaka wimbo wa saba, wa mwisho. Alipofika pale mwishoni aliruka kwenye kiti. "Na huyu bwege je? Huyu anayepiga hodi? Wimbo mzuri, umefika katikati, anakuja mtu anabweka kama askari! Huyo tutamtoa kwa wembe. Hata hajui alichokatiza."

"Huyo bwege ni mimi," nilisema.

Bwana Karanja akaichukua sahani yake, akatoka, na akafunga mlango polepole sana.

Ndiyo. Nawe unajua, maana ulikuwepo. Asubuhi ile nilipokuja kuchukua mashine ulikuwa chumba cha ndani, unaimba wimbo wa saba, na betri zilikuwa zimebaki kidogo. Katika wimbo ule hakuna nazi wala kofia wala daka. Ni wimbo wa mwanamke anayefungua madirisha baada ya eda, dirisha la kwanza, la pili, na katika ubeti wa tatu anauliza nani anapita huko chini. Mitawanda imeachwa, hakuna kinachogonga. Umeshika neno "nani," umelivuta, na hapo inasikika sauti ya mwanamume kutoka mbali, kubwa, ya wazi, mara tatu. Unanyamaza. Inasikika pumzi yako. Kisha unasema, si kwa mashine wala kwa mtu, "Haya." Na tepu inakwisha.

Nimeusikiliza mwisho huo mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Neno "haya" naweza kulisoma kwa namna zaidi ya moja, na nimekatazwa na kazi yangu kuandika nisichokijua. Sijui ubeti ule ulikuwa unakwenda wapi. Sijui nani alikuwa anapita chini ya dirisha. Inawezekana ni yeye tena. Nikifikiri hivyo, wivu hunipanda, na nikifikiri kwamba si yeye, wivu hunipanda vile vile, kwa sababu simjui ni nani.

Sasa nikwambie nilivyoamua. Uliniachia mimi nijue kipi cha watu na kipi cha nyumbani. Ningependa kusema kwamba nilipima kwa haki. Sikupima kwa haki. Nilipofikiria nyimbo zile zikirushwa hewani, sikuifikiria stara yako kwanza. Nilifikiria madereva na wauza kahawa wa Mombasa wakijua namna Mwenye Duka alivyopendwa. Na nilipofikiria kuifuta, sitakuficha, jioni moja niliiweka tepu kwenye rafu ya zile zinazofutwa, nikavaa kofia, nikafika mpaka langoni. Nikarudi kuitoa. Sikurudi kwa ajili yake. Nilirudi kwa sababu ya wimbo wa nne, wenye kicheko, ambao nilikuwa sijausikia mpaka mwisho.

Jumatatu nilimpa Bwana Karanja tepu nyingine mpya. Aliuliza, "Na ile?" Nikasema, "Ile ni ya nyumbani." Aliuma midomo, akasema ni hasara kwa nchi. Nadhani amesema kweli.

Tepu yako inarudi kwako, pamoja na mashine. Zitakuja kwa mkono wa yule yule nahodha, na nimemwambia ni cherehani mbovu ili asiifungue. Nyimbo zote zimo. Sikukata chochote, hata hodi yangu sikuikata, ingawa wembe nilikuwa nao. Katika nyimbo zote saba ndipo mahali pekee nilipo, na sikuona kwa nini nijitoe. Ukitaka uwasikilizishe wanawake wa Pate, ukitaka uifukie, ni yako.

Ndani ya sanduku utakuta pia betri mpya na gurudumu jingine la tepu, tupu. Hapo ndipo penye ombi langu. Umalize wimbo wa saba. Sikuombi uniimbie mimi. Hata kama anayepita chini ya dirisha ni marehemu, mwimbie marehemu. Lakini nataka kujua unavyokwisha, kama alivyojua yeye.

Likizo yangu inaanza mwisho wa mvua, na nitakuja Pate kuchukua mashine, maana bila mashine sina kazi. Naijua nyumba ya kaka yako, ina daka upande wa kisima. Nitafika mchana, watu wakiniona. Watanitania kama walivyomtania yeye, na sina majibu mepesi kama yake, lakini nitajaribu. Ukiwa unaimba, imba. Urefushe kadiri upendavyo.

Sitapiga hodi. Ukimaliza nyamaza tu, nitajua.

Msalimie kaka yako, na wewe ubaki na afya njema.

Ni mimi,
baba wa mwanao